Mwandishi wa Kituo Namba Nne

Kamrudin hakuwa mtu wa samaki, na tuliseme hilo mapema asije mtu akamsifu bure. Kwao ni Dodoma, na Dodoma ya utoto wake maji yalikuwa kitu cha kupangia foleni na ndoo, si kitu cha kuzamia. Kuogelea alijifunza akiwa na miaka hamsini na sita, hapa hapa Toronto, kwenye bwawa la kituo cha jamii huko Malvern, tena kwa amri ya mkewe. Alikunywa maji ya dawa mpaka tumbo likanguruma, watoto wa miaka sita wakimpita kushoto na kulia, na Gulzar kakaa kwenye benchi anamwambia, "Piga miguu, Kamru! Miguu, si mdomo!"

Bi Gulzar ndiye aliyeanza yote. Dodoma alikuwa mwalimu, na ualimu ukishakuingia hautoki. Huku akawa karani wa maktaba, basi kila karatasi iliyobandikwa ukutani alikuwa ameshaisoma. Siku moja akarudi nyumbani na tangazo: kikundi kiitwacho Macho ya Vijito kinatafuta watu wa kujitolea, wawili wawili, wakahesabu watoto wa samoni. Kamrudin, ambaye mchana kutwa alikuwa kiwandani anakata vioo vya miwani ya watu, akauliza, "Samoni si anauzwa dukani? Wa nini kumhesabu?" Gulzar akamjibu kwamba anayehesabiwa ni yule ambaye hajafika dukani. Ndiyo yakaisha.

Kazi yenyewe iko hivi. Vijito kadhaa vinateremka kutoka bara kuingia ziwani, vinapita nyuma ya maghorofa na chini ya barabara kuu, na abiria wa basi hata hawajui kama vipo. Samoni mkubwa hupanda kutoka ziwani akataga. Watoto wa aina hii hukaa kijitoni mwaka mmoja au miwili, urefu wao kidole, na ubavuni wana madoa meusi utadhani wameshikwa na mtu mwenye masizi mikononi. Kila Agosti, Jumamosi ya pili, kila kituo kinahesabiwa. Kituo ni nguzo mbili fupi za chuma ukingoni, moja juu ya mkondo na nyingine chini, mita hamsini kati yake. Mmoja anaingia majini na barakoa ya kuzamia na bomba la kupumulia. Akiona samaki anainua kidole juu ya maji, akiona watatu anainua vitatu. Wa pili anasimama ukingoni na karatasi, anaandika. Ndiyo maana fomu ina nafasi mbili za majina, Mhesabu na Mwandishi, na bila majina mawili haipokelewi. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema Gulzar, akatia sahihi.

Kwa miaka kumi na mitatu wakafanya hivyo katika kituo namba nne, kwenye kijito kinachopita nyuma ya Malvern. Wakajifunza jambo moja ambalo Kamrudin hakuacha kulistaajabia: samaki mchanga hana anwani. Mwaka wa kwanza walikuwa thelathini, wote wamejibana kwenye dimbwi la chini, penye gogo. Mwaka wa mvua kubwa dimbwi lile likajaa mchanga, samaki wakaonekana juu, chini ya mizizi ya mti. Mwaka wa ukame, maji yalipofika vifundoni tu, walikuwa kumi na wanne, nao wamekusanyika mahali pasipozidi mkeka, ambapo maji ya baridi huchuruzika kutoka ardhini. Kuna mwaka kituo namba tisa, kijito kingine kabisa, kilipata mia na ushee, na wao wakapata sita. Ofisini kwa kikundi palikuwa na ramani ukutani, kila mwaka na rangi yake ya pini, na pini hizo zilihama kama wapangaji. Gulzar aliyaandika yote kwenye daftari lake mwenyewe, mbali na fomu, kwa sababu, alisema, ofisi hubadilisha watu lakini daftari halistaafu.

Wakimaliza kuhesabu walikaa ukingoni wakala mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, wakanywa chai ya chupa, wakazungumza Kiswahili chao cha Dodoma kwa sauti kubwa, maana hapakuwa na mtu wa kuwageukia.

Gulzar alifariki Februari, miaka miwili na nusu iliyopita. Ni moyo. Ilikuwa Jumanne alasiri, alikuwa anakunja nguo. Watu wa jamatkhana, nyumba yao ya ibada, walijaa, chakula kikaletwa siku nyingi, na mtoto wao Murad akaja kutoka Calgary akakaa wiki mbili. Kisha kila mtu akarudi kwenye mambo yake, wala si kosa lao. Murad hupiga simu kila Jumapili. Wajukuu wanamwelewa babu yao akisema Kiswahili, lakini wanamjibu kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Kamrudin ni cha kiwandani, kinaisha haraka.

Upweke wake haukuwa wa kulia. Ulikuwa wa kukaa siku mbili bila kutamka neno, halafu siku ya tatu anamshukuru dereva wa basi na sauti inatoka imekwaruza, mpaka yeye mwenyewe anashtuka. Alipika wali wa watu wawili kwa sababu sufuria ilikuwa imezoea hivyo. Mazoea yana taabu.

Agosti ya kwanza ilipokaribia, barua ya kikundi ikaja kama kila mwaka: Wapendwa Kamrudin na Gulzar. Mratibu wa zamani alikuwa ameondoka, na aliyemrithi, msichana aitwaye Narjis, aliwajua kwa karatasi tu. Watu wa jamatkhana hawakuwa na habari na vijito, na watu wa vijito hawakuwa na habari na jamatkhana, basi msiba haukuvuka. Kamrudin akaisoma barua kasimama jikoni. Angeweza kupiga simu akasema. Aliishika simu, akaiweka, akaishika tena, akaenda kuoga.

Akaenda kijitoni peke yake, kinyume cha sheria. Alipofika kwenye nafasi ya Mwandishi, mkono wake ukaandika Gulzar, naye hakuuzuia. Tusimcheke. Benki jina lilikuwa limeshafutwa. Kwenye mkataba wa nyumba limefutwa, kwa daktari limefutwa. Palikuwa pamebaki mahali pamoja tu duniani ambapo Gulzar hajafa, napo ni kituo namba nne.

Samaki aliowapata siku hiyo ni sifuri. Mwaka uliofuata akaenda tena, akaandika tena majina mawili, sifuri tena. Moyoni akasema, basi, wamemfuata Gulzar. Hilo hakumwambia mtu, na nani wa kumwambia?

Kisha mwaka huu, mwezi wa Julai, ikaja barua ndefu kuliko zote. Narjis alieleza kwa adabu kwamba samaki wakihama, vituo navyo vihame. Kituo chenye sifuri miaka miwili mfululizo kinafungwa, na nguzo zake zinapelekwa kijito kingine. Namba nne inafungwa. Aliwaomba "wewe na Auntie Gulzar" wakazing'oe nguzo wenyewe, kwa heshima ya miaka kumi na mitano, na akawapa mtu wa kuwasaidia kubeba, mwanachama mpya aitwaye Kwamboka. Narjis mwenyewe angekuja na gari saa sita kuzichukua.

Kamrudin aliikunja barua ikawa ndogo, akaitia mfukoni, akatembea nayo wiki nzima. Nguzo ya chini Gulzar aliigonga kwa mkono wake mwenyewe, nyundo ikampata kidole gumba, akatukana kwa Kigogo. Nguzo zikitoka, hakuna fomu. Fomu isipokuwepo, Gulzar atakuwa amekufa kila mahali.

Jumamosi ile ya Agosti ilipofika, saa tatu asubuhi, Kamrudin akashuka basi na mkoba wake wa suti ya mpira. Kwamboka alikuwa ameshafika, mama wa miaka hamsini na kitu, mnene wa kupendeza, ana kofia ya jua na mtalimbo wa kung'olea nguzo begani.

"Habari ya asubuhi, mzee. Wewe ndiye Kamrudin?"

Kamrudin alisimama. Ilikuwa muda mrefu mtu hajamsemesha Kiswahili ana kwa ana barabarani. "Ndiye mimi. Kumbe unasema Kiswahili?"

"Nisiseme kwa nini? Mimi mtu wa Kisii, si wa Uingereza." Akacheka peke yake. "Na mama yuko wapi? Narjis alisema mko wawili."

"Hajisikii vizuri," alisema Kamrudin. "Kabaki nyumbani." Uongo ulimtoka laini, hata yeye ulimtisha.

"Aki pole yake. Utampelekea salamu zangu."

Kwamboka alikuwa msemaji, Mungu ambariki. Kabla hawajavuka barabara Kamrudin alishajua kwamba anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawaogesha na kuwalisha, miaka kumi na tisa sasa. "Kila siku wazee, mzee, usinichukie. Nikasema hata mimi nione kitu kichanga kabla sijafa. Nikaona tangazo la samaki. Wiki tatu zilizopita nimefanya mafunzo, nimepewa na cheti, halafu kazi yangu ya kwanza ati ni kung'oa vyuma."

Wakafika kwenye ngazi. Ni ngazi ya mbao, imesimama wima, inateremka bondeni moja kwa moja mpaka kwenye nguzo ya juu. Kwamboka akachungulia, akarudi nyuma.

"Hapa? Mimi? Wewe unataka kuniua. Goti langu hili limepasuliwa mwaka jana. Hakuna njia nyingine?"

Ilikuwepo. Njia ya chini inazunguka kwenye maegesho ya magari, inapita polepole kando ya bonde, nusu saa nzima, ina mabenchi matatu. Ilikuwa njia ya Gulzar, kwa sababu ya goti lake naye. Miaka kumi na mitatu Kamrudin alimfuata kwa njia hiyo, akilalamika wanachelewa. Tangu Februari ile hakuikanyaga. Aliogopa mabenchi.

"Ipo," akasema. "Ni ndefu."

"Ndefu siogopi."

Wakaenda. Kwenye benchi la kwanza Kwamboka akakaa akajipepea na kofia. La pili akakaa. La tatu akakaa, akanyoosha mguu, akasema "Yesu wangu," na Kamrudin akawa anatazama miti muda wote huo, mkoba mkononi. Wala hakuulizwa kwa nini hakai.

Kijito kilikuwa kimepungua, maji meupe, yanapita juu ya mawe kwa sauti ndogo. Nguzo ya chini ilikuwepo, imepata kutu. Kwamboka akaushusha mtalimbo, lakini Kamrudin akamzuia kwa mkono.

"Ngoja kwanza, mama. Nataka niingie mara moja. Niage."

Kwamboka alimtazama mtu mzima huyu anahangaika kuingiza miguu kwenye suti ya mpira, akili ikamtuma asicheke. Akafungua mfuko wake, akatoa fomu mpya iliyobaki kwenye mafunzo. "Basi na mimi niandike, nijifunze kazi. Nitasimama hapa."

Akasimama pale pale, kwenye jiwe bapa, pa Gulzar.

Kamrudin akalala majini kifudifudi. Baridi ikampiga kifuani, ikatulia. Akaanza kujivuta polepole kwa mikono, kupanda, uso chini. Mawe. Mchanga. Kizibo cha soda. Alikuwa anaaga, hakuwa anatafuta. Akalifikia gogo, na nyuma ya gogo kilikuwepo kitu chembamba, kimetulia, mkia umemwelekea yeye, kichwa kinatazama maji yanakotoka. Madoa ubavuni. Mdomo unafunguka na kufunga.

Kidole chake kikapanda chenyewe juu ya maji.

Na sauti ikamfikia kupitia maji, imefifia, ya mwanamke: "Nimeona, mzee! Mmoja!"

Barakoa ikajaa machozi mpaka akashindwa kuona. Ilibidi ainue kichwa, aimwage, airudishe. Chini ya mizizi aliinua vidole vinne. Mahali pa maji baridi alihesabu mara mbili, hakuamini, akainua mkono mzima na kidole kimoja cha mkono wa pili. Kila alichoinua kilijibiwa.

Alipotoka alikuwa anatetemeka mwili mzima. Kwamboka akamfunika taulo kichwani bila kuomba ruhusa, akamsugua kama anavyowasugua wazee wake kazini.

"Kumi na mmoja," alisema. "Na ndiyo wanasema hapa hakuna kitu? Wazuri kweli hao wa ofisi."

"Wamerudi," alisema Kamrudin, meno yakigongana. "Wamerudi, mama. Mwaka jana hawakuwepo, mwaka juzi hawakuwepo. Wamerudi."

Kwamboka akammiminia chai kutoka kwenye chupa. Akafikiri kidogo.

"Mzee, hebu. Mwaka jana uliingilia wapi?"

"Kule juu, kwenye ngazi."

"Ukateremka?"

"Nikateremka na maji, ndiyo."

"Aaa, mzee." Akaweka chupa chini. "Si tulifundishwa tuanzie chini tupande? Samaki anatazama maji yanakotoka, ndiko chakula chake kinakuja. Ukimtokea juu anakuona, na lile tope la miguu yako linamfikia kabla yako. Anakimbia. Mwalimu alirudia mara tatu, mpaka tukachoka."

Kamrudin akakumbuka. Siku ya mafunzo yake mwenyewe, miaka kumi na mitano nyuma, alikuwa ametoka nje kutafuta chai. "Gulzar anasikiliza," alijiambia, "inatosha." Na kila mwaka Gulzar alisema, "Tunaanzia chini, Kamru," naye akadhani ni goti. Miaka kumi na mitatu alidhani ni goti! Kisha akabaki peke yake, akakwepa mabenchi matatu, akashika ngazi, akaingia kijitoni kama ng'ombe, na samaki waliokuwepo akawafukuza yeye mwenyewe.

"Walikuwepo," alisema. "Muda wote walikuwepo. Mjinga mimi. Mjinga wa mwisho!"

"Usijitukane, mzee. Mtu huteleza." Kwamboka akauliza polepole, "Lakini mama hakukukumbusha? Si alikuwa hapa anaandika?"

Kamrudin akatazama chai. Kwamboka alikuwa ameishi na wazee miaka kumi na tisa, anakijua kimya chao, cha usingizi na cha njaa na cha jambo jingine. Hakurudia swali. Aliuokota mtalimbo, akaulaza kwenye majani mbali na nguzo.

"Hatung'oi," alisema. "Ngoja huyo msichana aje."

Narjis alifika saa sita kasoro, ametembea kutoka maegeshoni, viatu vya mpira mpaka magotini. Kwao ni Thornhill, wazazi wake walitoka Tanga. Kiswahili anakielewa chote, lakini kukisema hathubutu, anajibu kwa Kiingereza kama wenzake wote waliolelewa huku. Akaitazama fomu ya Kwamboka, uso ukachangamka, akasema kwa Kiingereza hicho hicho:

"Kumi na mmoja! Uncle, hii ni nzuri sana. Mwezi wa nane, maji kidogo hivi. Safi." Kisha akaona nguzo bado zimesimama. "Lakini bado tunazitoa. Unajua hivyo."

"Kwa nini?" alisema Kwamboka. "Si samaki hao?"

Narjis akaeleza, na hakueleza vibaya, ni msichana mwenye subira. Samaki wachanga wanahama, alisema. Mwaka huu hapa, mwaka kesho pengine, na kikundi kina nguzo chache. Ndiyo maana hawaamui kwa siku moja nzuri, wanaamua kwa miaka. "Zile sifuri mbili ni hesabu kamili. Zina saa, zina joto la maji, zina majina mawili. Na mwandishi ni Auntie Gulzar. Uncle, fomu za zamani za Auntie ndizo ninazowafundishia watu wapya. Mtu kama yeye akisimama hapa akaandika sifuri, mimi naamini sifuri."

"Yeye hakukosea," Kamrudin alisema haraka. "Gulzar hajawahi kukosea."

"Sawa kabisa. Basi samaki waliondoka kweli, na hawa wanapita tu." Narjis akauinamia mtalimbo. "Kungekuwa na kasoro ningezifuta zote mbili, kituo kingebaki. Lakini kasoro gani, watu wawili wenye uzoefu wa miaka kumi na mitano?"

Hapo ndipo Kamrudin alipobanwa. Akikiri tu kwamba aliingilia juu, ataulizwa Gulzar alikuwa anatazama nini. Akinyamaza, nguzo zinatoka, na Gulzar anabaki kwenye makaratasi ya ofisi kama mtu aliyesimama hapa akashuhudia uongo wa sifuri, miaka miwili, jina lake safi limepakwa tope la miguu ya mumewe. Akisema, kituo kinabaki, lakini atakuwa amemzika tena, safari hii kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini hawakusema kuuvua kunauma vipi.

Narjis alikuwa ameshaingiza mtalimbo chini ya nguzo ya Gulzar. Chuma kikalia juu ya jiwe.

"Acha," alisema Kamrudin. "Binti yangu, acha. Gulzar amefariki."

Narjis akaachia. "Lini? Wiki hii? Uncle, samahani, mimi—"

"Februari. Si ya mwaka huu, wala ya mwaka jana. Kabla ya sifuri ya kwanza."

Ilichukua muda msichana kupiga hesabu. Kamrudin alimwona anafika kwenye jibu, akaona macho yake yanajaa. Halafu Narjis akafanya ambalo halikutarajiwa. Akasema kwa Kiswahili, cha bibi yake wa Tanga, kinayumba: "Pole sana, Uncle. Mimi sikujua. Pole."

"Ungejuaje? Nilikuficha."

"Lakini…" Kazi ni kazi, ilimbidi aulize, na aliuliza kwa sauti ndogo. "Nani alikuwa ukingoni? Nani aliandika?"

Kamrudin aliligeukia lile jiwe bapa. Miaka miwili na nusu alikuwa hajalisema neno hili kwa mtu yeyote, si kwa Murad, si jamatkhana, wala kwake mwenyewe mbele ya kioo.

"Hakuna," alisema. "Nilikuwa peke yangu. Miaka yote miwili nilikuwa peke yangu."

Alilia sasa, waziwazi, taulo begani. Kwamboka akamshika mkono, akaushikilia.

Narjis alikuwa na faili la kituo begani. Akazitoa zile fomu mbili akasema kwamba zikifutwa, kituo kitakuwa hakina sifuri hata moja, kitabaki, na hesabu ya leo ndiyo itakayofuata ile ya samaki tisa ya mwaka wa mwisho wa Gulzar. Akachukua kalamu. Kamrudin akamwomba hiyo kalamu. Akapiga mstari mwenyewe juu ya jina la mkewe, mara moja kwenye fomu ya kwanza, mara moja kwenye ya pili. Kwenye fomu ya leo Kwamboka akaandika jina lake kwa herufi kubwa, palipoandikwa Mwandishi.

Wakaagana, Kamrudin akiwa ameshawasimulia ile mihogo ya kukaanga ya ukingoni. Kwamboka alikuwa na zamu saa tisa, Narjis akampa lifti. "Agosti ijayo, mzee," alisema Kwamboka. "Na mihogo ulete wewe, mimi sijui kukaanga."

"Nitaleta," alisema Kamrudin. Narjis alimwambia naye apande gari, akakataa. Alitaka kutembea.

Alisubiri mpaka sauti ya gari ikapotea. Akavaa viatu, akauchukua mkoba wenye suti iliyolowa, akaipa mgongo ngazi, akashika njia ya chini. Njiani hapakuwa na mtu. Alikaa kwenye benchi la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, kila moja muda mrefu, ingawa magoti yake hayana ubaya wowote.